Anayetoka Juu Ndiye Mwenye Macho

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, kusi ikivuma kwa nguvu zake zote, nilifuatana na mpwa wangu hadi kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui. Mpwa wangu huyu ni mtoto wa dada yangu. Anafanya kazi katika milima ya kaskazini ya Italia, na kila Agosti, theluji ya huko ikiwa imekwisha na kazi imelala, huja Malindi kuwatazama wazee. Safari hii alikuja na wanawe wawili. Watoto wale hawakuwa wamewahi kuona mchanga mwingi namna ile. Kabla hatujatua hata vikapu, walikwisha pewa makarara ya mnazi na watoto wa pale, wakaingia katika foleni ya kuserereka.

Baba yao akapiga ukelele: "Simameni! Nani yuko chini?"

Mimi nikacheka. Mchezo wa watoto, tena mchangani, una haja gani ya askari? Lakini mpwa wangu hakucheka. Alipanda hadi ukingoni juu kabisa, mahali ambapo mtu huona pande zote mbili za kilima, akainua mikono juu ya kichwa na kuikutanisha kama msalaba. Watoto wote wakasimama. Chini, mtoto mmoja alikuwa bado anajifuta mchanga machoni. Alipoinuka na kwenda kando, mpwa wangu akaishusha mikono, akamwonyesha wa kwanza kwa kidole: "Wewe, peke yako." Halafu akaikutanisha tena.

"Mjomba," akaniambia bila kugeuka, "kule nalipwa mshahara kwa jambo hili."

Kicheko kikanikauka. Pale pale, mwaka 1974, ishara ya mkono ilivunja mtulinga wa mtoto wa ami yangu, na lawama ikamwangukia mtu asiyekuwa na kosa. Nitalieleza jambo hilo, lakini kwanza, ndugu msomaji, sharti nieleze kazi ya mpwa wangu, maana bila hiyo kisa changu hakitaeleweka.

Kijana wa Malindi kujua Kiitaliano si ajabu. Waitaliano wamekuwa jirani zetu tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha San Marco huko Ngomeni, mbele kidogo ya Mambrui, na mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka baharini. Wengi wa vijana wetu walijifunza lugha yao ufukweni na katika mahoteli, na baadhi yao wakavuka. Mpwa wangu alivuka, akaoa, na mwisho akajikuta ameshika reki juu ya mlima wenye theluji.

Reki, naam. Huko mlimani kuna viwanja vilivyotengwa kwa ajili ya wale wasiotosheka na kuteremka tu. Humo theluji hukusanywa kwa mitambo ikafanywa matuta makubwa, na mabomba ya chuma yakasimikwa mfano wa vipandio vya ngazi. Vijana huja na skii zao mbili miguuni, au na ubao mmoja uliofungwa miguu yote miwili, wakashika kasi, wakaruka tuta, wakazunguka angani na kutua upande wa pili. Kazi ya mpwa wangu na wenzake ni kuyachonga matuta hayo kila siku kwa reki na majembe kabla watu hawajafunguliwa kuingia, kwa sababu yaliyochongwa jana hayafai leo.

Nilimwuliza kwa nini hayafai. Akanieleza kwamba theluji ya alfajiri, ikiwa imelala na baridi ya usiku, ni ngumu kama saruji na ina kasi mno. Jua likipanda hulowa, ikawa nzito, ikamshika mtu. Tuta lile lile ambalo saa tatu lilikutupa mbele kupita kiasi, saa nane litakuangusha kabla hujafika. Ndiyo maana mtu mwenye akili, hata akiwa bingwa, hupita mara ya kwanza polepole bila kuruka. Anatazama tuta lilivyo leo, wapi pa kushikia kasi, wapi pa kutua, nani yuko wapi. Halafu huanza na tuta dogo. Matuta yenyewe hutiwa alama za ukubwa langoni, na anayeanza na kubwa siku ya kwanza huonekana na wenzake kuwa mshamba tu.

Jambo lililonivutia zaidi ni umbo la tuta. Mimi nilidhani hatari iko katika kwenda juu. Kumbe la. Tuta lina njia ya kushikia kasi, mdomo wa kurukia, uwanda mfupi ulio sawa, kisha mteremko wa kutulia. Anayetua kwenye mteremko huendelea na safari yake, kwa kuwa nguvu za mwanguko hugeuka zikawa mwendo. Anayepungukiwa na kasi hutua kwenye uwanda, na hapo ndipo magoti na uti wa mgongo hupata taabu. Ni kama mtungi: ukianguka ukingoni mwa mteremko waweza kuviringika ukasalimika, ukianguka sakafuni unaokota vigae. Na anayezidisha kasi huupita mteremko wote akatua kwenye ardhi iliyo sawa, mambo yakawa yale yale.

Lakini hatari kubwa kuliko zote hutokana na kwamba anayeruka haoni. Akiwa kwenye njia ya kasi, mdomo wa tuta umemkinga. Haoni mteremko wa kutulia mpaka awe tayari hewani, na mtu aliye hewani hana breki. Ikiwa mwenzake aliyetangulia ameanguka na bado amelala pale, hakuna la kufanya tena. Kwa sababu hiyo viwanja hivyo vina adabu yake, na adabu yenyewe haikutoka kwa wakubwa wa serikali. Imetokana na mifupa iliyovunjika. Huruka mmoja mmoja. Kila mtu hungoja zamu na kusema kwa sauti kwamba sasa anaingia. Kama mteremko hauonekani kutoka juu, mmoja husimama pembeni mwa mdomo wa tuta akawa macho ya wengine. Akikutanisha mikono msalaba, tuta limefungwa, hata uwe mwana wa sultani. Aliyeanguka, kama anaweza kutambaa, atambae aende kando kwanza, kofia na miwani ataitafuta baadaye. Wenye kupiga picha wakae pembeni. Na kama mtu ameumia, wa kwanza kufika hakimbilii kumwinua. Mmoja hupanda juu kulifunga tuta, mwingine huita waokoaji, kwa maana kumwinua majeruhi huku mtu wa pili anakuja hewani ni kuwazika wawili badala ya mmoja.

Mpwa wangu alinieleza pia habari za wale wa ubao mmoja. Wao husimama ubavuubavu kama mtu aliyesimama juu ya ukuta, na kwa hiyo upande wa mgongo wao ni kipofu. Anayeanza, akianguka, hutanguliza viganja, na kifundo cha mkono ndicho humvunjika kuliko kiungo chochote. Basi kofia ngumu kichwani na vikinga mikono si urembo. Nilimwuliza kama watu huvaa. Akasema, "Wanaovaa ni watoto na mabingwa. Walio katikati ndio wabishi."

Kumbe sheria yenyewe iliyo mama wa hizi zote imeandikwa zamani. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa skii lilipitisha kanuni zake kumi mwaka 1967 katika mkutano uliofanyika Beirut. Msomaji asishangae kusikia Beirut: Lebanon ina milima yenye theluji, na watu wake huteleza kama Wazungu. Katika kanuni hizo kumi, iliyonikaa moyoni ni ya tatu. Inasema kwamba anayekuja kutoka nyuma ndiye anayepaswa kuchagua njia yake ili asimhatarishe aliye mbele. Anayetoka juu ndiye mwenye macho. Aliye chini amempa mgongo, hawezi kumwona, na kwa hiyo hadaiwi. Kanuni nyingine inamtaka aliyeanguka aondoke upesi njiani, hasa mahali pasipoonekana, lakini ni pale awezapo, na kuchelewa kwake hakumpi wa juu ruhusa ya kumgonga.

Yule kijana aliniambia hayo tukiwa tumekaa mchangani tunakula mihogo, akiwaachia watoto wakubwa wa Mambrui zamu ya kukaa ukingoni. Mimi nilikuwa natafuna bila kuonja.

Vilima vile, kwa asiyevijua, viko baina ya mlango wa mto Sabaki na mji wa Mambrui. Mto huleta mchanga na udongo kutoka bara, ule unaoifanya bahari ya Malindi kuwa nyekundu wakati wa mvua, na upepo hukusanya mchanga ukafanya vilima. Upande unaopigwa na upepo huinuka polepole, mtu hupanda akizungumza. Upande wa pili umekatika ghafula. Sisi watoto tulikuwa tukipanda mbio upande wa polepole, karara mkononi, tukafika ukingoni na kujitupa juu yake bila kusita. Aliyesita alizomewa. Sasa linganisha na tuta la mpwa wangu: njia ya kasi, mdomo usiokuonyesha kitu, na mteremko wa kutulia ambao hujui yuko nani. Tulikuwa na uwanja wa Wazungu bila ya theluji.

Hata adabu tulikuwa nayo, ya namna yake. Watoto wa Mambrui walikuwa na desturi ya kumweka mmoja ukingoni. Sisi tuliotoka Malindi mjini tuliiona desturi hiyo ya kishamba. Siku hiyo ya Agosti 1974 aliyewekwa ukingoni alikuwa binti ya ami yangu, mwenye umri wa miaka 10. Mimi nilikuwa na 12. Ndugu yake mdogo, wa miaka 8, alitangulia kushuka. Karara lake likapasuka katikati ya mteremko, naye, badala ya kutoka, akabaki pale akiunganisha vipande.

Dada yake akainua mkono.

Nilimwona. Nataka liandikwe hivyo, kwa kuwa miaka yote hii nimelieleza namna nyingine. Nyuma yangu walikuwa wavulana wanne wakipiga makelele niende, na mimi nilikuwa na karara jipya. Nikauona mkono, nikajua maana yake, nikajitupa. Goti langu lilimpata mtoto begani. Sauti ya mtulinga ukivunjika ni ndogo, kama kijiti cha kuwashia jiko.

Jioni, wazee walipokusanyika, na mtoto ameshafungwa bega kwa kitambaa cha kanga na mzee mmoja hodari wa kuunga mifupa, niliulizwa. Nikasema: "Aliinua mkono. Nilidhani ananiita." Ndivyo nilivyosema. Na jambo hilo lilikubalika mara moja, kwa sababu mkono ulioinuliwa kweli waweza kuwa "ngoja" na waweza kuwa "njoo". Mimi nilikuwa mvulana, mkubwa, tena mwanafunzi wa mjini. Binti alikuwa binti. Alipigwa yeye. Hakuruhusiwa tena kwenda vilimani, na kwa muda mrefu, mtu akitaja bega la ndugu yake, wakubwa walimtazama yeye.

Sasa utaona kwa nini ile mikono ya msalaba ya mpwa wangu ilinikausha. Mkono mmoja ulioinuliwa ni neno lenye maana mbili. Mikono iliyokutana juu ya kichwa haiwezi kumwita mtu. Wenye viwanja vya theluji wameliona hilo, wakachagua ishara ambayo mwongo hawezi kuigeuza. Laiti ingekuwapo Mambrui mwaka 1974, ningekosa la kusema.

Bahari yetu nayo imeanza kuwa uwanja wa namna hiyo. Nenda leo Mambrui, Watamu au Kilifi, kusi au kaskazi ikishika, utaona vishada vikubwa vya rangi rangi vikiwavuta watu juu ya mbao zao. Kamba zake hupita mita 20, na kamba iliyonyoshwa na upepo hukata kama kisu. Wao pia wana adabu zao: anayerudi pwani humpisha anayetoka, na wakipishana, aliye upande unakotoka upepo hukiinua kishada chake juu na mwenzake hukishusha chake, zisije kamba zikasokotana. Ni adabu nzuri kwa wanaoijua. Shida ni kwamba mvuvi mwenye ngalawa na nyavu zake, au mtoto anayeogelea, hakufundishwa lugha hiyo wala hana deni la kujifunza. Yeye alikuwapo kwanza, na hawezi kugeuka upesi. Kwa maoni yangu kanuni ya tatu ya Beirut ingefaa kubandikwa kila mahali panapokodishwa vishada katika pwani yetu, kwa Kiswahili na kwa Kiitaliano.

Wala asidhani mtu kwamba theluji ni jambo lisilotuhusu. Mwaka 1998, katika michezo ya Olimpiki ya baridi ya Nagano huko Japani, ambayo ndiyo ya kwanza kuupokea ubao wa theluji, Mkenya Philip Boit alishindana mbio za skii za kilomita 10. Alifika wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alimngoja kama dakika 20 katika baridi ili amkumbatie. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, alizaliwa hapa Kilifi mtoto wa kike, Sabrina Simader, ambaye alihamia Austria akiwa na miaka mitatu. Mwaka 2018 huko Pyeongchang, Korea Kusini, alibeba bendera yetu na kuteremka milima akiwa mwanamichezo pekee wa Kenya. Mbio zake si za kuruka matuta, ni za kupita baina ya milingoti kwa kasi ya kutisha, lakini mpwa wangu alinionyesha tofauti nyingine: katika mashindano, njia husafishwa, na kila mmoja hushuka peke yake kwa saa yake. Bingwa hana haja ya kuuliza nani yuko chini. Ni sisi wengine, siku za kawaida, katika foleni, wenzetu wakipiga makelele nyuma, ndio tunaohitaji kuuliza.

Yule mtoto wa ami yangu ni fundi cherehani Malindi. Mfupa uliunga, lakini bega la kushoto limeshuka kidogo. Kanzu zake hujikatia mwenyewe, bega moja fupi kuliko jingine, ili upindo wa chini ukae sawa. Hajapata kunilaumu hata siku moja. Nilipita dukani kwake siku ya pili nikamweleza yote, ya mkono, ya uongo, na ya kanuni ya tatu. Alisikiliza huku akiendelea kukanyaga cherehani. Mwisho akasema, "Mimi nilikuwa nimekupa mgongo, sikuona kitu. Kamwambie aliyeona."

Basi nikarudi Mambrui. Dada yule sasa ni bibi mwenye wajukuu. Nilimkuta uani akisukuma mahamri, unga umemfika viwikoni. Tuliamkiana, nikapewa kiti, nikapewa chai, nikaanza maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri njiani lakini yakatoka hovyo. Nikamwambia kwamba siku ile niliuona mkono wake na nikauelewa.

Alinyamaza akimaliza donge alilokuwa nalo. Halafu akanyosha mkono wake mbele yangu, kiganja kimenielekea, vidole vimetanuka, vyeupe kwa unga.

"Hivi," akasema. "Niliunyosha hivi. Kuna mtu anayeitwa hivi, kaka?"

Nikasema hakuna.

"Niliwaambia usiku ule. Niliwaonyesha wote, mmoja mmoja." Akarudisha mkono kwenye unga. Kwa kitambo hakusema neno, na mimi sikuwa na la kuongeza. Kisha akauliza kama wale watoto wa mpwa wangu watakwenda tena vilimani kabla ya kusafiri. Nikamjibu kesho asubuhi, inshallah.

"Basi wapitie hapa kwanza," akasema. "Nitakwenda nao. Kile kilima cha karibu na mto kimehama tangu mvua, ukingo wake hausimamiki. Nitawaonyesha pa kukaa yule wa kutazama."